Sura ya Saba: Kisogo Kisichokuwemo Pichani

"Faili hili nalitaka limefungwa kabla ya saa kumi na moja," alisema Mkuu wa Madai bila kuinua macho. "Kifungu cha tisa. Msafiri akiumia akifanya kazi ya malipo ugenini, hana chake kwetu. Barua tunayo, picha tunayo. Unasubiri nini?"

Bi Kifungu hakuwa na haraka ya kumjibu. Miaka kumi na miwili nyuma, bwana huyu huyu alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza yake, akimuuliza ajali inaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi, naye akimwelekeza neno kwa neno. Sasa kiti cha ngozi ni cha mwanafunzi na mwalimu ndiye amesimama. Ilimuuma kila alipopanda ghorofa ya nne, na leo ilimuuma zaidi kwa sababu bwana huyo alikuwa amevaa viatu vipya.

"Kifungu kinasema kazi ya malipo," alisema. "Picha inaonyesha mikono tu. Malipo siyaoni."

"Wewe na vifungu vyako."

"Ndivyo nilivyokufundisha."

Mkuu wa Madai akafunga kalamu yake. "Saa kumi na moja. Ikizidi dakika moja, nasaini barua ya kukataa."

Bi Kifungu alishuka na faili kwapani. Mpelelezi wa madai wa miaka hamsini na minne hashuki ngazi mbio, lakini siku hiyo alishuka mbili mbili.

Dai lenyewe lilikuwa hivi. Msusi mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mji mzima ukimwita Vidole kwa sifa ya kazi yake, alipeleka picha za vichwa vitatu kwenye shindano la jarida la mitindo. Akashinda. Zawadi ilikuwa safari ya wiki mbili ng'ambo, tiketi na bima ya safari vikiwa ndani yake. Kule alifikia kwa mdogo wake, kwenye jengo la ghorofa tatu lenye maduka chini. Siku ya tisa akaanguka kwenye ngazi za jengo hilo. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika na mfupa ukaubana mshipa wa fahamu. Daktari wa huko hakuzunguka: mshipa usipofunguliwa kabla ya kesho jioni, vidole vitatu havitafanya kazi tena maishani. Na hospitali haimwingizi chumba cha upasuaji mpaka kampuni ya bima iandike kwamba inasimamia matibabu.

Jana asubuhi, wakati barua ya kukubali ikichapwa, ikaingia barua nyingine isiyo na jina la mwandishi. Ilisema kwamba chini ya jengo lile kuna saluni, kwamba Vidole amekuwa akisuka humo kwa malipo tangu alipofika, na kwamba alianguka akiwa kazini. Ndani yake kulikuwa na picha iliyochapishwa kwenye karatasi: mikono ya Vidole, chanuo, paji la uso la mtu na nywele za mbele zilizokwisha kusukwa, ubavu wa kioo kikubwa na chupa nne za mafuta zimepangwa mstari. Usoni mwa mteja palikatwa juu ya nyusi. Nyuma palikatwa usawa wa sikio.

Ndani ya gari Bi Kifungu alisoma tena maelezo ambayo Vidole alimpa muuguzi kutoka kitandani. Yalikuwa mafupi. *Niliteleza, nikashika reli ya ngazi kwa mkono wa kulia, mkono ukaachia, nikaenda mpaka chini.* Nyuma yake palibandikwa jibu la zahanati anayotibiwa: mgonjwa huyu hatujamwona tangu alipojifungua, miaka minne iliyopita. Mwisho akaitoa bahasha ya ile barua na kuinusa. Ilinuka vanishi.

Mume wa Vidole alikuwa seremala.

* * *

Karakana yake na saluni ya Vidole vilikuwa ndani ya ua mmoja, mlango ukitazamana na mlango. Seremala alikuwa akipiga msasa ubao wa kitanda, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alipoambiwa mgeni anatoka bima, aliuacha msasa mara moja.

"Mama, wamekubali?"

"Bado. Kaa kwanza, nina maswali. Safari hii uliipenda?"

"Niliipinga, sifichi." Alikaa juu ya ubao. "Mke wangu anasifiwa hapa, haya. Anasifiwa magazetini, haya. Sasa asifiwe mpaka ng'ambo? Na huyo mdogo wake ana shemeji mwenye gari. Kila nikipiga simu nasikia sauti ya mwanamume nyuma."

"Huenda ni televisheni."

"Ndivyo wanavyosema."

Bi Kifungu aliuma mdomo asicheke. "Ukafanya nini?"

"Nifanye nini? Nilijitoa kwenye kundi la familia kwenye simu, siku ile ile aliyopanda ndege. Sikutaka picha za raha zao. Mtu anakula bata huko, mimi nakula vumbi hapa."

"Bahasha kama hii ni zako?"

Aliigeuza. "Zangu. Naweka michoro ya wateja. Ziko kwenye droo ile, haina kufuli. Hata dada yangu wa hapo saluni huchukua akitaka."

Bi Kifungu akamwekea picha juu ya goti, akimtazama macho. Mtu anayeiona picha kwa mara ya pili huenda moja kwa moja pale anapopajua. Seremala macho yake hayakwenda kwenye mikono, wala kwenye kioo, wala kwenye paji la uso. Yalizunguka karatasi nzima, kisha yakapanda kumtafuta mtu ambaye hakuwemo.

"Nani aliyempiga picha hii?" aliuliza.

"Ndilo swali lako?"

"Kasimama karibu mno, mama. Tazama. Huyu anayesimama karibu hivi na mke wangu ni nani?"

Hapo Bi Kifungu akamfuta kwenye orodha yake. Mtu mwenye wivu wa namna hii angeiona picha hiyo juzi, swali hilo lingekuwa limeshamtoa usingizi na kumpigisha simu ishirini. Wivu wa seremala ulikuwa wa shemeji mwenye gari. Aliyeandika barua alikuwa na wivu wa kitu kingine.

Alikuwa ameshasimama aondoke, seremala akamwita tena. "Mkono ule ukifa hatakwenda popote tena. Atakaa nyumbani." Alikuwa akiutazama ubao. "Zamani kidogo nilitamani hivyo, Mungu anisamehe. Sasa usiku nalala naviona vile vidole. Wasivikate, mama."

"Hawavikati. Vitakauka tu vikiwa pale pale."

Labda angelisema vingine. Lakini ilikuwa saa nane na nusu, na alikuwa na mlango mwingine wa kuingia.

* * *

Saluni ilikuwa na viti vitatu. Kimoja, cha karibu na dirisha, kilikuwa kimefunikwa taulo safi na hakuna aliyekikalia. Ukutani zilitundikwa picha kubwa tatu za vichwa vilivyoshinda, kila moja ikiwa na uso wa Vidole pembeni, ukicheka. Kwenye fremu ya kioo kulikuwa kumechomekwa kikaratasi cha bima kilichokuja na zawadi, kile cha michoro: chupa ya pombe imepigwa mstari mwekundu, pikipiki imepigwa mstari, begi lililoachwa peke yake limepigwa mstari, nyundo imepigwa mstari. Bi Kifungu alikijua. Idara ya mauzo ilikitengeneza ili watu wasichoshwe na kijitabu chenyewe cha kurasa thelathini na mbili.

Mwenye saluni aliyebaki alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano, mnene kiasi, mwenye mkono mwepesi wa ajabu. Alikuwa dada wa seremala, kwa hiyo wifi wa Vidole. Vidole alizoea kumwita Wifi mbele ya wateja, jina likamganda, na sasa mtaa mzima ulimwita hivyo. Chini ya mikono yake alikaa mwalimu wa shule ya msingi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Karibu, dada," alisema Wifi. "Bima? Basi uliza, mimi masikio hayasuki."

"Kiti kile hakina mtu?"

"Cha mwenyewe. Watu wakija wanamuuliza yeye. 'Vidole anarudi lini?' Yuko ng'ambo, mkono umefungwa bendeji, na mimi nimesimama hapa na chanuo mkononi, lakini wanamuuliza yeye."

"Mimi sikuuliza," alisema mwalimu.

"Uliuliza, mwalimu. Ulipoingia tu."

Mwalimu akajitia kutazama simu yake.

"Kazi alijifunza wapi?" aliuliza Bi Kifungu.

"Hapa. Alipoolewa na mdogo wangu hakujua hata kugawa nywele. Nilimshika mkono hivi, nikamwonyesha mstari unavyopita." Aligawa nywele za mwalimu kwa mkia wa chanuo, mstari ukakaa mnyoofu utadhani umepigwa rula. "Miaka tisa. Leo yeye ndiye Vidole na mimi ni wifi yake."

Bi Kifungu aliisikia sauti ile na kuitambua. Ni sauti yake mwenyewe akipanda ghorofa ya nne. Hakuipenda, lakini ilimwambia akae chonjo.

"Mimi mambo ya nywele siyajui," alisema, akaitoa picha. "Wewe fundi. Nataka kujua tu kama kazi hii ni ya mteja wa kulipa au ni ya kupitisha muda. Umewahi kuiona?"

"Mara ya kwanza leo." Wifi alijifuta mafuta kwenye aproni, akaishika picha kwa ncha za vidole. Alijikausha vizuri. Lakini alikuwa msusi, na mbele yake kulikuwa na kazi ya msusi mwingine. "Mbele si pabaya. Ah, mbele hata asiyejua atababaisha. Tazama hapa lakini, ameulegeza huu wa tatu. Na kisogoni ndiyo aibu yenyewe. Mistari imekwenda upogo, na ule wa katikati umekatika kabisa."

Bi Kifungu aliinama, akaitazama picha. Akaivuta miwani, akaitazama tena.

"Kisogo kipi?"

Wifi aliisogeza picha karibu na macho.

"Picha hii imekatwa kwenye sikio, bibie. Kisogo umekionea wapi?"

Hata mwalimu aligeuza shingo. Wifi alibaki na karatasi mkononi, akiitafuta sehemu ambayo yeye mwenyewe aliikata.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "nenda kanywe soda hapo nje, utanisamehe. Nitakuita."

"Na kichwa hiki?"

"Jifunge kitambaa."

Mwalimu akajifunga, akatoka polepole kuliko ilivyohitajika.

* * *

Picha nzima ilikuwa kwenye simu ya Wifi. Mdogo wake Vidole aliipeleka kwenye kundi la familia siku ya pili ya safari. "Mteja" alikuwa mtoto wa kike wa darasa la tatu, amekaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake mkubwa, amevaa nguo za kulalia na kukumbatia mwanasesere. Kioo kilikuwa mlango wa kabati la nguo, na ndani yake kilionekana kitanda ambacho hakijatandikwa na kisogo cha mtoto. Mistari ya kisogoni ilikuwa upogo kweli.

"Alilipwa?"

"Na mtoto wa mdogo wake?"

"Hiyo saluni ya chini?"

"Hakuna saluni. Kuna duka la viatu."

"Basi kifungu cha tisa kimekufa," alisema Bi Kifungu, akaandika. "Kwa nini ulifanya hivi?"

Wifi alikaa kwenye kiti alichotoka mwalimu. Hakulia. "Nilikiona pale." Alionyesha kikaratasi cha michoro. "Ile nyundo. Nikasema, wakijua alifanya kazi watamnyima, arudi na aibu kidogo. Aibu tu, dada. Nilijua ni plasta na mambo yamekwisha. Habari ya mshipa nimeisikia jana jioni kwa mdogo wangu, bahasha imeshakwenda. Tangu hapo chakula hakipiti."

"Ungenipigia simu."

"Niseme nini? Mimi ndiye mchawi?"

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Bi Kifungu angeweza kufunga daftari, arudi ofisini na ushindi wake. Lakini kile kisogo cha mtoto kilimkaa kichwani. Hakujua nywele, ila alijua watu na kazi zao. Fundi aliyeshinda shindano la nchi nzima hampotezei mtoto wa mdogo wake mistari.

"Nieleze kitu kimoja," alisema. "Amepewa tuzo kwa kusuka. Mbona kisogo kimemshinda?"

Uso wa Wifi ukabadilika. Aibu ilikuwa bado iko, lakini juu yake likaja jambo lingine, na Bi Kifungu akaona kwamba amemuuliza swali alilolisubiri mwaka mzima.

"Kwa sababu si yeye anayefunga visogo." Wifi alisimama, akaenda kwenye picha ya kwanza ukutani. "Hiki, mbele ni yeye. Kuanzia sikioni kwenda nyuma ni mimi." Akaenda ya pili. "Hiki ni mimi robo tatu. Na hiki cha tatu," alikigusa kioo cha picha kwa kidole, "hiki chote ni mimi. Alishika chanuo picha ilipopigwa, basi."

"Sikuelewi."

"Mkono wake unakufa ganzi. Tangu mwaka jana, mvua zilipoanza. Kwanza ncha za vidole, halafu kiganja. Akawa anaangusha chanuo, mteja anadhani ni mzaha. Mwisho hakuweza kukaza hata mstari mmoja mpaka mwisho. Tukapanga. Yeye anaanza kichwa, anapiga soga na mteja, anamchekesha. Mteja akishika simu au akisinzia tunabadilishana kimya kimya. Mteja wa kusukwa kisogo hageuki, dada, kichwa kimeinamishwa, hata kioo hakioni. Kikiisha, mimi narudi kwenye kiti changu, yeye anamshikia kioo. 'Vidole, Mungu akubariki mikono.' Mwaka mzima nimesikia hivyo nikiwa nafagia." Alikuwa akipumua kwa nguvu. "Kisha ikaja tiketi. Ya mtu mmoja. Vichwa vyangu vikapanda ndege na mimi nikabaki. Andika. Andika kwamba vichwa vile vitatu ni vyangu, niko tayari kusaini."

Bi Kifungu aliandika kila neno, mpaka akafika kwenye neno *ganzi*. Kalamu ikasimama.

*Nikashika reli ya ngazi kwa mkono wa kulia, mkono ukaachia.*

Alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara nne akidhani ni uzito wa mwili. Kumbe mkono ulikuwa umekufa ganzi kabla hajateleza.

"Mbona huandiki?" aliuliza Wifi.

"Unajua kijitabu cha bima kina mambo mangapi yasiyolipiwa?"

"Yale pale. Manne."

"Kumi na saba. Yale pale ni yaliyochoreka." Alikitoa kijitabu kwenye mkoba na kukifungua bila kutafuta. "Kifungu cha nne hakina mchoro. 'Hatutalipia ugonjwa wowote aliokuwa nao msafiri kabla ya kuondoka, wala ajali iliyosababishwa na ugonjwa huo.' Alishika reli, Wifi. Mkono ulio mzima ungemshikilia."

Ilichukua muda kidogo. Wifi alizitazama picha ukutani, akalitazama daftari, akairudia picha ya tatu. Halafu akaelewa kwamba barua ya uongo aliyoiandika kwa hila haikuweza kumwangusha wifi yake, na kwamba ukweli alioutoa kwa dakika tano ulikuwa unamwangusha.

"Futa," alisema.

"Siwezi kufuta nilichokisikia."

"Futa, dada. Nimesema kwa kijicho tu. Vichwa ni vyake. Vyote vyake, andika hivyo. Mkono wake ulikuwa mzima kama wangu."

"Sasa unanidanganya mara ya pili kwa siku moja."

"Basi nifanye nini?" Sauti ilimpasuka. "Akirudi na mkono wa mti nitamtazama vipi? Nitamsukia nani vichwa?"

Bi Kifungu alifunika ukurasa kwa kiganja chake. "Kifungu hiki kina sehemu mbili, mdogo wangu. Nimekusomea ya kwanza. Ya pili sikusomei mpaka unijibu swali moja. Kwa ganzi hii, Vidole aliwahi kumwona daktari yeyote, popote, au kupewa dawa na mtu yeyote?"

 Macho ya Wifi yalikimbilia kijitabu, lakini kilikuwa kimefunikwa.

"Jibu lipi linamwokoa?"

"Ndiyo maana sikwambii."

Alikuwa mwepesi wa akili, ilionekana akipima. Akisema alikwenda kwa daktari, labda wataona ni mtu makini, hakuficha kitu. Akisema hakwenda, labda wataona haukuwa ugonjwa wa maana. Au kinyume chake. Alipima huku, akapima kule, na pande zote mbili kulikuwa na giza. Alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na mafuta.

"Hakwenda," alisema.

"Una hakika? Hata kwa siri?"

"Nina hakika kwa sababu alitaka kwenda." Alikuwa akizungumza na sakafu. "Mara tatu. Mara ya pili alishachukua siku kwa daktari wa mishipa, akaniomba nimsindikize. Nikamwambia watakukata, utakaa miezi sita umefungwa, wateja watahama. Nikamwambia ni baridi ya mvua, itapona yenyewe."

"Ulijua haitapona?"

"Nilijua."

"Kwa nini, sasa?"

Wifi aliinua kichwa. "Kwa sababu kila asubuhi alikuwa ananihitaji. Akipona ningebaki na nini? Kufagia?"

Nje mwalimu alikohoa. Bi Kifungu hakuweza kumtazama mwanamke huyu machoni kwa muda, kwa sababu alikumbuka memo moja aliyoikalia mwaka juzi ili Mkuu wa Madai aaibike mbele ya wakurugenzi. Alikuwa ameifurahia siku ile nzima. Alijisikia vibaya, akageuza ukurasa.

"Sehemu ya pili," alisoma. "'Katika kifungu hiki, ugonjwa maana yake ni ule ambao msafiri alionwa na daktari au alipewa dawa kwa ajili yake, katika miezi kumi na miwili kabla ya safari.'"

"Maana yake nini?"

"Maana yake, kwa bima, mtu asiyemwona daktari si mgonjwa. Zahanati yake imeshaandika haijamwona miaka minne. Nilihitaji mtu wa kuniambia kwamba hakwenda kwingine." Alifunga kijitabu. "Angekwenda siku ile kwa daktari wa mishipa, leo tusingemlipia."

Wifi alishika ukingo wa kiti. "Kwa hiyo nilivyomzuia..."

"Ndiyo. Usijipongeze. Angekwenda, labda mkono usingeiachia ile reli."

Aliitoa simu. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano.

"Kifungu cha tisa hakipo," alimwambia Mkuu wa Madai. "Mtoto wa mdogo wake, chumbani, bila malipo, picha nzima nimeituma kwako sasa hivi. Kuna habari ya ganzi ya mwaka jana, kwa hiyo nimeangalia cha nne."

Upande wa pili ilisikika kalamu ikifunguliwa. Kisha, "Sehemu ya pili. Alimwona daktari?"

Mwanafunzi wake alikumbuka. Miaka kumi na miwili, kwenye kiti cha plastiki, na alikuwa bado anakumbuka.

"Hakumwona. Nina shahidi, anasaini."

"Basi barua inatoka sasa. Itakwenda kwa saini yangu."

"Najua," alisema Bi Kifungu, akakata.

* * *

Maelezo yalikuwa kurasa mbili. Wifi aliyasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kwenye ukurasa wa kwanza alisimama muda mrefu, pale palipoandikwa kwamba vichwa vitatu vilivyoshinda vilisukwa na yeye, kimoja nusu, kimoja robo tatu, kimoja chote. Hakuna karatasi nyingine duniani iliyosema hivyo. Alikisoma kifungu hicho mara mbili, midomo ikicheza.

Kisha akageuza ukurasa wa pili, wa daktari wa mishipa.

"Yeye atayasoma haya?"

"Ni dai lake. Akiomba nakala atapewa."

"Yote?"

"Yote."

Wifi aliirudisha karatasi ya kwanza juu, akainyoosha kwa kiganja. "Naweza kusaini huu wa kwanza tu?"

"Saini ni moja. Inakaa chini ya wa pili."

Seremala alikuwa ameacha msasa, amesimama mlangoni mwa karakana yake akiwatazama kupitia ua, roho juu. Bi Kifungu alimpungia mkono kumpa ishara kwamba imekubaliwa. Seremala aliketi chini palepale kwenye vumbi la mbao.

Wifi alimwona mdogo wake. Akachukua kalamu, akasaini, jina lake kamili, lile ambalo mtaa haulijui. Kisha akaenda mlangoni.

"Mwalimu, njoo."

Mwalimu akaingia, akakaa, akafungua kitambaa. Alimtazama Bi Kifungu akikusanya karatasi, akamtazama Wifi kwenye kioo, akauliza kilichokuwa mdomoni mwa kila mteja.

"Ehe, Vidole anarudi lini?"

Wifi aligawa nywele, mstari ukapita mnyoofu kutoka sikio mpaka shingoni.

"Mkono ukishapona," alisema, akaanza kisogo.